Fundi Waya na Kisanduku cha Kuombea Radhi

Fundi Waya alikuwa na miaka sitini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyewahi kumsikia akisema "nisamehe". Si kwamba alikuwa mtu mbaya, msimwonee. Alikuwa mtengenezaji wa redio, na mtengenezaji wa redio anaamini kwamba kitu kikiharibika kinatengenezwa, na kikishatengenezwa maneno yamekwisha. Akimuudhi mkewe asubuhi, mchana utamkuta juu ya kiti anabadilisha balbu. Siku aliyosahau kwenda kumpokea shemeji yake stendi, alikaza bawaba za milango wiki nzima. Mkewe alikuwa ameshamzoea. Kwa miaka thelathini na nne aliisoma radhi ya mumewe kwenye mabomba, swichi na miguu ya meza, na kwa kawaida ilimtosha.

Safari hii haikumtosha, na kisa chenyewe nakieleza upesi maana kinanitia hasira. Mama mkwe wa fundi alipofariki alimwachia bintiye redio moja kubwa ya mbao, yenye vitufe vya rangi ya maziwa. Mke wa fundi ni mshonaji, na kila asubuhi aliiwasha redio hiyo kabla mguu haujakanyaga pedali ya cherehani. Sasa siku moja seremala wa jirani akaleta redio yake imekauka sauti. Spika imeungua, na spika ya aina ile haitengenezwi tena popote. Fundi akakuna kichwa, akatazama huku na huku, mkewe yuko sokoni, akaifungua redio ya marehemu, akachomoa spika, akampa seremala. Alinuia kutafuta nyingine ndani ya siku mbili tatu. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kazi safi, akaifunga ile redio ikafungika, akaifuta na vumbi.

Kesho yake mke akawasha, kimya. Akaiviringisha kwenye kitambaa, akaibeba hadi chumba cha mbele kilicho karakana ya mumewe, akasema, "Hebu niangalizie, redio ya mama haisemi." Na huyu bwana, badala ya kutapika yaliyomo, akavaa miwani, akaigeuzageuza, akasema, "Mm. Nitaiangalia." Siku mbili nzima anajitia hamnazo. Siku ya tatu seremala akapita barabarani, akasimama dirishani wakati mke anamletea fundi chai, akasema kwa furaha yake yote, "Fundi, ile spika ya mama mkwe wako inaongea kama imetoka kiwandani jana."

Mke aliweka kikombe mezani polepole. Akasema, "Sawa." Tangu hapo hakumwambia mumewe neno jingine.

Fundi alitoka mbio saa ile ile, akaifuata spika kwa seremala, akairudisha mahali pake, akaipeleka redio sebuleni inaimba. Akasubiri. Mke akaizima. Fundi akatengeneza bomba la jikoni. Hakusemeshwa. Akatengeneza mlango wa kabati, kitasa cha bafuni, mguu wa kitanda, pasi, na feni iliyokuwa imelala uvunguni tangu binti yao yuko shule ya msingi. Kufikia wiki ya pili hapakuwa na kitu kibovu ndani ya nyumba ile isipokuwa ndoa yenyewe, na hiyo hakujua skrubu zake ziko wapi.

Zamani wakinuniana, binti yao ndiye aliyekuwa daraja. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako nimesikia." Wote watatu wako meza moja, viwiko vinagusana, na mtoto anatafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili. Lakini binti alishaolewa, yuko mji mwingine, na sasa ana mimba ya miezi minane na nusu. Sebuleni alichoacha ni kisanduku.

Kisanduku chenyewe ni cha mviringo, ukubwa wa bakuli la mboga, kimevishwa kitambaa cha kijivu, na kinaitwa Msaidizi. Ukitaja jina hilo, taa ya kijani inazunguka kichwani mwake, nawe unakiambia shida yako: saa ngapi, kesho kutanyesha, nipigie simu kwa fulani, weka kitunguu kwenye orodha ya sokoni. Binti alikileta ili mama yake aweze kumpigia hata akiwa na kitambaa mikononi na pini mdomoni. Fundi alikidharau tangu siku ya kwanza. Alisimama mbele yake, mikono nyuma, akasema, "We." Kimya. "We kisanduku, nakuuliza saa ngapi." Kimya tena. Binti akacheka mpaka akashika kiuno.

"Baba, hajui kama unamsemesha yeye," akamwambia. "Huyu muda wote amelala, kabakiza sikio moja, na sikio hilo linajua neno moja tu, jina lake. Usipolitaja, unaongea na ukuta."

Fundi akajibu kwamba yeye amefungua spika elfu moja na hajawahi kuiita hata moja kwa cheo. Binti akarudi kwake, kisanduku kikabaki kinatumiwa na mama peke yake.

Sasa, siku ya nne ya ule mnuno, fundi amekaa sebuleni anaona aibu zake, mke akatoka jikoni na sahani, akaiweka mezani, akageukia kisanduku. "Msaidizi, mwambie mtu fulani chakula kiko mezani."

Taa ikazunguka. "Samahani," kikasema kwa sauti ya kike, tulivu, ya karani asiye na haraka, "simwoni Mtu Fulani kwenye namba zako. Ungependa nimpigie nani?"

Fundi alikuwa hatua mbili kutoka pale, anatazama kucha zake. Mke naye ana akili zake bwana, akatafakari kidogo, akapita njia nyingine. "Msaidizi, kila siku saa saba mchana nikumbushe kwamba chakula cha mtu fulani kiko mezani." Kisanduku kikasema sawa. Kuanzia kesho yake, ikifika saa saba, karani anatangaza, fundi anakuja anakula, na hakuna aliyevunja kiapo chake.

Fundi akaona asikubali kushindwa. Akameza fahari, akalitaja lile jina. "Msaidizi, mwambie aliyepika asante." Kisanduku kikajibu, "Karibu sana," kikidhani kimeshukuriwa chenyewe. Mke akageukia ukutani na mabega yakamtikisika kidogo, na fundi hakujua kama ni kicheko au ni kitu kingine.

Basi wakaendelea hivyo, watu wazima wawili na bakuli la kijivu. Kisanduku hakikujua kimo katikati ya vita. Ukikiambia "kumbusha", kinakumbusha. Ukikiambia "andika", kinaandika kwenye orodha ya sokoni, maana ndiyo orodha pekee kilichopewa. Lisiloingia huku wala kule, kinaomba samahani. Kwa siku moja kiliomba samahani mara nyingi kuliko fundi maisha yake yote, na mke hilo alilihesabu.

Wasichokumbuka wote wawili ni kwamba orodha ile ya sokoni ilikuwa inaonekana pia kwenye simu ya binti. Siku ya kumi na tano akampigia baba yake karakana.

"Baba, nakusomea orodha ya sokoni ya nyumbani kwetu," akasema bila hata kumpa nafasi ya kuitika vizuri. "Sabuni ya kufulia. Viberiti. Vitu vya marehemu mama yangu havina mwenyewe au vipi. Nyanya. Kwani spika si imerudi. Mafuta ya kula. Kurudi si hoja. Sasa hoja ni nini. Chumvi. Baba, kuna nini huko?"

Fundi akaweka chini chuma cha kulehemu. Akaeleza, kwa kifupi, akijipunja makosa hapa na pale. Mwishoni akalalamika kwamba na hicho kisanduku nacho hakina msaada, unakiambia jambo la moyoni kinakuuliza unataka kilo ngapi.

"Baba, yeye hatafuti unachohisi," binti akasema. "Akishaitwa jina, anayachukua maneno yako anayapeleka mbali kwa mtandao, huko yanageuzwa maandishi, halafu linaulizwa swali moja: huyu anaomba kazi gani kati ya zile tunazoziweza? Akiipata kazi anaifanya. Asipoipata, basi. Yeye kila anachosikia kwake ni kazi ya kufanya." Akaongeza, "Kama wewe tu, baba."

Fundi akajifanya hakusikia hilo la mwisho. Akauliza hali ya mimba. Binti akasema nzuri, mama anakuja Jumamosi kama walivyopanga, akae naye mpaka mtoto achangamke. Halafu akasita.

"Baba, mama ameniuliza kama kwangu kuna nafasi ya cherehani."

Mtu anayekwenda kulea mjukuu anabeba nguo na zawadi ya mtoto. Habebi cherehani ya chuma yenye meza na pedali, inayohitaji wanaume wawili kuinyanyua. Anayebeba cherehani anahama. Fundi alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatika, mteja anamwita dirishani mara tatu asimsikie.

Nawaambia sasa alichofanya, na mkitaka kumpiga ngumi nipeni nafasi nianze mimi. Siku ya kumi na saba, Jumatano, alichungulia chumba cha nyuma, akaona cherehani imefunikwa blanketi na kuzungushiwa kamba ovyo ovyo, kamba ya mtu asiyejua kufunga mizigo. Moyo ukamuuma. Na moyo wa fundi ukiuma, mikono ndiyo inayotoka. Alisubiri mkewe aende kupima mteja, akaifungua cherehani yote, akaipaka mafuta kila kiungo, akafunga gurudumu lisizunguke njiani, akaifunika upya, akaipiga kamba mafundo manane ambayo hata lori lipinduke hayafunguki. Akarudi karakana roho imetulia. Aliona kwamba amesema kila kitu.

Mke akarudi, akaingia chumba cha nyuma. Akaitazama ile kazi safi kwa muda mrefu. Kisha akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na hakutoka mpaka jioni, macho mekundu.

Msiniulize kama fundi alielewa. Aliyemwelewesha ni binti, Alhamisi, kwenye simu, kwa sauti ambayo fundi hakujua kama bintiye anayo. "Baba, umemfungia mama mzigo? Mwenyewe? Yeye alitaka umzuie, wewe umemkazia kamba?"

Fundi Waya aliketi. Hakuwa amewahi kuogopa namna ile. Aliiona nyumba ile ikiwa na bomba lisilovuja, milango isiyolia, feni inayozunguka vizuri, na yeye peke yake katikati. Akakata shauri: atasema. Neno lenyewe ni moja tu, watoto wadogo wanalisema kutwa nzima.

Ijumaa asubuhi alijaribu mbele ya redio za wateja. "Ni," akasema. Akakohoa. Akajaribu kumfuata mkewe jikoni, akafika mlangoni, ulimi ukawa mzito kama umefungiwa nati, akaishia kugusa bomba kuona kama linavuja. Halivuji. Akarudi. Ndipo likamjia wazo ambalo ni yeye tu angeweza kulipata: kisanduku kitasema. Atakipa maneno, yeye atakuwa karakana, mke atasikia, mambo yataisha kistaarabu.

Saa nane mke alitoka kupeleka gauni la mteja. Fundi akafunga dirisha la karakana, akavua viatu, akasimama mbele ya kisanduku.

"Msaidizi," akasema. Taa ikazunguka. Akavuta pumzi. Akatafuta neno la kwanza. Taa ikazimika. "Samahani, sijasikia ombi lako."

Akampigia binti kuuliza, bila kusema anataka kufanya nini. Binti akamwambia kwamba Msaidizi akisikia kimya cha sekunde chache anajua umemaliza. Hiyo ilikuwa balaa, maana fundi kabla ya neno kama hilo anahitaji kimya cha robo saa. Mara ya pili alifika "kumbusha", akakwama. Mara ya tatu kikamwekea kikumbusho kisicho na kitu ndani, akakifuta. Mara ya tano alifumba macho, akajikaza kisabuni, akalimwaga lote bila kituo: "Msaidizi saa kumi kamili kumbusha nisamehe mke wangu nilikosa."

"Sawa," kikasema. "Saa kumi kamili nitakukumbusha: nisamehe mke wangu, nilikosa."

Fundi akatoka mle ndani, akakaa karakana anaihesabu saa ya ukutani.

Saa kumi kasoro dakika kumi akasikia sauti ya mkewe mlangoni. Akasikia na nyingine. Alikuwa dada mkubwa wa mke, shemeji yule yule wa stendi, na mabibi wawili majirani, wote wamekuja kumuaga msafiri. Nyuma yao, seremala na kigari chake cha mizigo, amekuja kuchukua cherehani aipeleke stendi mapema. Huyo seremala ndiye aliyeanzisha yote na hajui hata leo. Sebule ikajaa. Na kwenye meza ya katikati, kisanduku kimetulia, kina dakika nane.

Fundi aliingia sebuleni akitembea haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni. "Shemeji, karibu," akasema. Shemeji akamtazama juu mpaka chini, akaitika kwa pua. Fundi akainamia meza, akanong'ona, "Msaidizi, futa kikumbusho."

Hakuna kisanduku kinachonong'ona. Taa ikazunguka, na sauti ya karani ikajaa sebule nzima. "Una vikumbusho vinne. Nitakusomea, uniambie nifute kipi."

"Hapana, usisome," fundi akasema, lakini jina hakulitaja, na ukuta haukumsikia.

"Cha kwanza, kila siku saa mbili asubuhi: kuna mtu anaingia na viatu vya matope, na sakafu haijifagii yenyewe. Cha pili, kila siku saa saba mchana: chakula cha mtu fulani kiko mezani. Cha tatu, kila siku saa moja jioni: mambo ya spika yalishakwisha, spika iko mahali pake." Bibi mmoja jirani akaziba mdomo kwa upande wa nguo. Seremala akatazama dari. "Cha nne, leo saa kumi kamili: nisamehe mke wangu, nilikosa. Nifute kipi?"

Shemeji mtu, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, alikosa. Fundi alikuwa bado ameinamia meza, masikio yanawaka moto, hana pa kutazama.

Mke akatoka pale alipokuwa amesimama mlangoni. Akamsogelea mumewe, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tisa akamsemesha yeye, si kisanduku.

"Hicho cha nne," akasema, "unataka kifutwe?"

Fundi akanyanyua kichwa. Macho yalitambaa sebuleni yakitafuta kitu cha kukaza, cha kupaka mafuta, cha kupiga msumari. Lakini si alishavitengeneza vyote mwenyewe? Hapakubaki kitu cha kushika.

"Hapana," akasema.

"Basi kiseme wewe. Kisanduku hakijanikosea."

Akanyamaza kimya chake kirefu, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Mkewe alingoja. Dada mtu alitaka kuingilia, akashikwa mkono.

"Nilikosa," fundi akasema. Sauti ilitoka imekwaruza. "Si kuchukua tu. Nilikichukua kitu cha mama yako, halafu nikaifunga redio vizuri ili usijue. Ukaniletea mwenyewe, ukaniamini, nikavaa miwani nikakudanganya usoni. Nisamehe, mke wangu. Usihame."

Machozi yakamtoka mbele ya shemeji yake, mbele ya seremala, na hakuyafuta. Mkewe akageuka.

"Seremala," akasema, "samahani kwa usumbufu. Cherehani haiendi. Turudishie tu pale ukutani pake."

Seremala na fundi waliinyanyua kutoka ukumbini, ilikokuwa imeshasogezwa mchana kusubiri kigari, wakairudisha chumba cha nyuma. Seremala akaaga. Fundi akapiga magoti, akaanza kufungua mafundo yake manane, na mafundo hayakufunguka. Alivuta, akauma kamba kwa meno, kucha ikavunjika. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni anamwangalia.

"Uliyakaza sana," akasema.

"Nilidhani unataka kuondoka salama."

"Mimi nilidhani unataka niondoke."

Fundi alitikisa kichwa. Mke akaenda mezani kwake, akachukua mkasi mkubwa wa kushonea, ule wa vitambaa tu, ambao mtu akiukatia hata karatasi nyumba nzima haikaliki. Akachuchumaa kando ya mumewe, akaingiza ncha chini ya fundo la kwanza, akakata kamba.